Ngao ya Mwisho ya Kikombe cha Masikio Mawili

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumamosi tarehe 14 Septemba 2019, Dod Mair alichomeka kijiti ardhini, akauweka mpira wake juu yake, kisha akanigeukia mimi.

"Katibu, mwambie huyo atoe kivuli chake kwenye mpira wangu."

Huyo alikuwa Eck Flett, aliyesimama hatua nne kutoka kwake. Alisikia vizuri.

"Mwambie jua lenyewe halijatoka," Eck akasema. "Kivuli anakiona wapi? Au macho nayo yameanza?"

Hata hivyo alisogea. Dod akapiga mpira, ukaenda moja kwa moja.

Nimekuwa katibu wa klabu ya gofu ya Port Garvie kwa miaka kumi na minne. Kabla ya hapo nilipima hali ya hewa katika kituo cha rasini kwa miaka thelathini na moja. Siku ya Kikombe, wachezaji wawili wa mwisho huandamana na katibu, ambaye hachezi. Kura ya kupanga wachezaji ilipigwa Alhamisi, kwa vikaratasi ndani ya kofia, na mkono uliotoa majina ya Dod na Eck pamoja ulikuwa wangu. Baadhi ya wanachama walinishauri nivirudishe kofiani. Kanuni hairuhusu.

Kikombe chenyewe ni kweki: bakuli la mti, pana, lisilo na kina, lenye masikio mawili ya kulishikia. Kiliundwa mwaka 1921 na babu yake Dod, fundi wa mapipa ya samaki, kwa vibao vyembamba vilivyopangwa kimoja cheupe, kimoja cheusi, bila gundi wala msumari, vikabanwa kwa pete za mti. Wanachama hukiita Masikio. Kinakaa juu ya kigoda kilichopigiliwa ngao ndogo za fedha, na kila ngao ina jina la mshindi wa mwaka mmoja. Ngao ni tisini na tatu, kwa kuwa miaka sita ya vita hakikushindaniwa. Mwaka huu ilibaki moja tu isiyo na jina ya kuandikwa. Kamati ilikwisha kuamua mwezi wa Januari kwamba ikijaa hiyo, Kikombe kitapelekwa makumbusho ya wilaya, kwa sababu mti umechoka, na kuanzia mwaka ujao tutashindania chombo kingine.

Jina la babu yake Dod lipo mara mbili. La baba yake lipo mara moja. La Eck, aliyekuwa mpeleka barua hapa kijijini, lipo mara mbili. La Dod halipo. Ana miaka sabini na mmoja, na amekishindania Kikombe mara arobaini na tano.

Kuna kanuni moja ya Kikombe isiyopatikana kwenye klabu nyingine ninazozijua. Mshindi hunywa kwanza, kisha humpa, kwa mikono miwili, yule aliyemwandikia kadi ya mikwaju, naye hupokea kwa mikono miwili na kumaliza. Mwandikaji ndiye shahidi. Akinywa, amethibitisha hesabu. Akikataa, hakuna mshindi, na ngao ya mwaka huo hubaki tupu daima. Ilitokea mwaka 1934. Aliyekataa hakutoa sababu, na kumbukumbu hazionyeshi kama aliulizwa.

Katika mchezo wetu kila mmoja huandika kadi ya mwenzake. Kwa hiyo Eck alikuwa shahidi wa Dod, na Dod shahidi wa Eck.

Mara ya mwisho kuwa hivyo ilikuwa mwaka 2008. Siku ile Dod alikuwa mbele. Katika majani marefu ya shimo la kumi na sita, Eck alisema ameuona mpira wa Dod ukisogea Dod alipoweka fimbo nyuma yake, na hiyo ni adhabu ya mkwaju mmoja. Dod alisema haukusogea. Kamati ilimsikiliza shahidi, na mimi ndiye niliyeuandika uamuzi. Dod alishindwa kwa mkwaju mmoja na daktari wa meno kutoka Elgin, ambaye tangu hapo amehamia Kanada.

Dod hakumsemesha Eck tena, na Eck alipochoka kusalimia bila kuitikiwa naye akaacha. Lakini mke wa Dod, Isie, alikuwa dada yake Eck. Kwa miaka kumi na nusu maneno ya wanaume wale wawili yalipitia kwake, hata walipokaa meza moja usiku wa mwaka mpya. Isie alifariki tarehe 9 Machi. Kaburini Dod alishika kamba ya kichwani na Eck ya miguuni, wakamteremsha sawasawa, wakaviringisha kamba zao, wakaondoka kwa njia mbili tofauti.

Siku ya Kikombe, kwa kuwa Isie hayupo, maneno yalipitia kwangu.

"Katibu," Eck aliniambia kwenye shimo la tatu, penseli mkononi, "muulize, hiyo ni nne au tano?"

Dod alinyanyua mkono wa kushoto.

"Mwambie mkono huo haunisaidii. Cha tano kimejikunja au hakipo?"

"Mwambie hakipo," Dod akasema. "Kililiwa na nyundo ya mapipa mwaka themanini na saba, na yeye ndiye aliyenipeleka hospitali kwa gari la barua. Asijifanye amesahau."

"Mwambie sijasahau. Damu ilienda kwenye barua za watu. Mama wa posta alininunia mwezi mzima."

Akaandika nne.

Uwanja wetu una mashimo tisa, na huzungukwa mara mbili. Baada ya mzunguko wa kwanza walikuwa sawa. Walisimama dirishani kwa Ina, mpishi wa klabu, wakapewa kila mmoja bakuli la supu ya samaki wa moshi na viazi.

"Bado hamjasemezana?" Ina akauliza.

"Kwani kuna la kusema?" Dod akamjibu.

Eck alionja. "Ina, umetia chumvi ya mwaka mzima humu."

"Kweli imezidi," Dod akasema, akilitazama bakuli.

"Haya. Mmekubaliana jambo," Ina akasema. "Katibu, liandike hilo."

Sikuliandika.

Baada ya shimo la kumi na sita Dod alikuwa na mikwaju sitini na mitano, Eck sitini na sita, na mwenye michache ndiye hushinda. Waliomaliza kabla yao walikuwa mbali nyuma, aliyetangulia akiwa na sabini na saba. Kikombe kilikuwa cha mmoja kati ya hawa wawili, na wote walilijua hilo.

Shimo la kumi na saba linapita kando ya vilima vya mchanga. Mkwaju wa pili wa Dod ulikwenda kushoto, ukazama katika majani marefu nyuma ya kilima cha kwanza. Mpira wa Eck ulikuwa juu ya kilima hichohicho, kwa hiyo Eck alikuwa amesimama juu yake, hatua kama kumi. Mimi nilikuwa kwenye bendera, hatua mia moja na thelathini. Niliona kichwa na mabega ya Dod. Niliona akisimama tayari kupiga. Niliona akiinama, akiinuka, kisha akisimama tayari tena, akapiga. Mpira ulitua karibu na shimo, na alihitaji mkwaju mmoja tu kuumaliza. Kwa hesabu yangu ilikuwa minne. Eck naye alimaliza kwa minne.

Dod alinyanyua mkono kumwonyesha Eck. Ulikuwa mkono wa kulia, wenye vidole vyote vitano.

Eck aliutazama, akaandika, akakunja kadi. Sikuuliza. Kadi hukaguliwa mezani.

Kwenye shimo la kumi na nane Eck alimaliza kwa minne. Dod alibaki na mpira hatua moja na nusu kutoka shimoni. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Ulipita kushoto kwa upana wa kidole. Mikwaju mitano.

Ilikuwa saa nane na dakika tano.

Kama Dod alikuwa na minne kwenye shimo la kumi na saba, walikuwa wamelingana kwa sabini na minne, na wangerudi shimo la kwanza kucheza tena hadi apatikane mshindi. Kama alikuwa na mitano, alikuwa na sabini na mitano, na Eck ameshinda.

Meza ya kadi iko chumba cha nyuma, karibu na tundu la jikoni la kupitishia chakula. Waliketi pande mbili, mimi kati yao. Dod aliisoma kadi yake shimo baada ya shimo, akiweka kidole kwenye kila tarakimu. Kwenye kumi na saba kidole kilisimama.

"Katibu, hapa pameandikwa nne. Mwambie aandike tano."

"Mwambie nimeandika nilichokiona," Eck akasema.

Nikamuuliza Dod kilichotokea.

"Niliweka fimbo nyuma ya mpira, ukasogea. Upana wa kidole gumba. Nikaurudisha mahali pake nikapiga. Ni mkwaju mmoja wa adhabu."

Nikamuuliza Eck alichokiona.

"Upepo," akasema. "Upepo uliusukuma. Fimbo yake ilikuwa bado haijafika chini. Mtu haadhibiwi kwa upepo."

Kipima upepo juu ya paa la klabu, saa saba na dakika arobaini, kilisoma maili sita kwa saa. Upepo wa namna hiyo hautikisi hata bendera yenye maji, na mpira ule ulikuwa ndani ya majani yanayofika gotini. Sikuitaja namba hiyo, kwa sababu kulikuwa na jambo jingine la kanuni lililotangulia.

"Eck," nikasema, "ukisogezwa na upepo, mchezaji hupiga kutoka pale uliposimama upya. Dod aliurudisha. Kwa maelezo yako alipiga kutoka mahali pasipo pake, na hiyo ni adhabu ya mikwaju miwili. Hatapata nne. Atapata sita."



"Eck Flett," Ina akasema kutoka tundu la jikoni, "huruma yako ina meno."

"Hiyo kanuni nani kaitunga?"

"Si mimi," nikasema.

"Basi sikuona kitu. Andika kwamba sikuona kitu. Jua lilikuwa machoni."

"Jua halikutoka leo," nikamwambia. "Wewe mwenyewe umesema asubuhi."

Dod aliisukuma kadi mezani, ikapita mbele yangu, ikasimama mbele ya Eck.

"Eck," akasema. "Futa nne, andika tano."

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia tangu mwaka 2008. Niliangalia saa. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini na sita.

Eck alishika penseli lakini hakuandika. "Mimi ninazo ngao mbili, bwana. Ya tatu nikaipike? Turudi shimo la kwanza. Ukinifunga, umenifunga."

"Jina langu litaandikwa juu ya nne ambayo si nne."

"Nani atajua?"

"Wawili walio hapa. Watatu, na Ina."

"Wanne," Ina akasema. "Umesahau kujihesabu."

Dod hakumgeukia. Alikuwa akiutazama mkono wake wa kushoto juu ya meza.

"Na mpira wa mwaka ule, wa 2008, ulisogea," akasema.

"Najua ulisogea. Nilikuwa nimesimama pale."

"Isie aliniuliza mara mbili. Mara ya pili ilikuwa hospitali, Februari. Nikamwambia kaka yako hakuona vizuri."

Eck aliweka penseli chini. "Mimi aliniuliza mara moja. Mwaka uleule, wiki ileile. Nikamwambia pengine sikuona vizuri."

"Kwa nini umwambie hivyo?"

"Alikuwa anarudi nyumbani kwako, Dod. Si kwangu."

Ina alifunga mlango wa lile tundu la jikoni. Kisha Eck alifuta ile nne, akaandika tano, akatia herufi za kwanza za jina lake pembeni kama kanuni inavyotaka. Dod alitia sahihi. Walibadilishana kadi, Dod akaikagua ya Eck kwa namna ileile, kidole kwenye kila tarakimu, akasema iko sawa. Niliandika matokeo: Flett, sabini na minne. Mair, sabini na mitano.

Kilibaki kinywaji. Mshindi alikuwa Eck, na mwandikaji wa kadi yake alikuwa Dod. Ukumbini habari zilikwisha kufika, sijui kwa njia gani. Watu walikuwa kama arobaini, na hawakuwa na kelele ya kawaida ya siku ile. Ina alinifuata kabatini nilipokuwa nikikitoa Kikombe.

"Je, akikataa?"

"Ngao itabaki tupu."

"Hiyo ya mwisho?"

"Hiyo ya mwisho."

"Na ana haki?"

"Ana haki. Hata sababu hatoi."

Saa tisa kasoro dakika nane Ina alimimina maji kidogo ndani ya Kikombe ili akisuuze. Maji yalitoka chini, kati ya kibao na kibao, yakatiririka mezani.

Chombo cha vibao hakina gundi. Kinashikamana kwa unyevu. Kikikaa kikavu kabatini mwaka mzima vibao husinyaa na kuachana, na hakiwezi kushika wiski hata kijiko kimoja mpaka kilowekwe. Kila mwaka kililowekwa tangu Ijumaa jioni katika beseni, nyumbani kwa Isie. Hakuna kanuni iliyoandika hivyo. Alifanya tu, na Jumamosi asubuhi alikileta kimefungwa kwenye taulo. Mwaka huu hakuna aliyekumbuka, mimi nikiwa wa kwanza.

"Tukitie karatasi ndani?" Ina akauliza.

"Karatasi?" Dod alikuwa amesimama mlangoni. Sikumwona alivyokuja. "Wewe unakitia karatasi kama mkate? Lete hapa. Maji ya vuguvugu, si ya moto. Na beseni isiyo na sabuni."

Alifanya kazi miaka arobaini na mmoja akitengeneza mapipa ya wiski. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akakizamisha Kikombe ndani ya beseni kwa mikono miwili. Alikigeuza polepole. Alipitisha ukucha kwenye kila pengo, akabonyeza pete ya chini, akakizamisha tena. Mtu mmoja alichungulia akauliza kama sherehe imeahirishwa.

"Mti haujui saa," Dod akamwambia. "Kaa chini."

Eck naye alikuja, akasimama upande wa pili wa beseni.

"Itachukua muda gani?"

"Isie alikipa usiku mzima. Mimi nitakipa dakika arobaini na kitatosha kwa mnyweo mmoja. Ongeza maji. Taratibu, usimwagie juu ya masikio."

Eck aliongeza maji.

"Yamepoa hayo," Dod akasema.

"Mkono wako ndio umekufa. Maji ni mazuri."

"Ongeza mengine."

Eck akaongeza mengine. Walikaa hapo, wakizungumza kidogo. Niliyoyasikia yalihusu aina za mti: kwamba kile cheusi ni kigumu kuloa kuliko cheupe, kwamba pete ya juu Dod aliibadilisha mwenyewe mwaka 1998. Mengine sikuyasikia kwa sababu niliondoka kwenda kuandaa ukumbi.

Saa tisa na dakika thelathini na nane Dod alikileta Kikombe ukumbini, kimefungwa kwenye taulo, akakiweka mezani kwangu. Nilisoma matokeo. Nilisoma kanuni ya mwaka 1921, kama inavyosomwa kila mwaka, pamoja na sehemu inayohusu kukataa. Nilimimina wiski mpaka kwenye alama iliyochongwa ndani na babu yake Dod. Nilisubiri nikihesabu mpaka kumi. Haikuvuja.

Eck alikishika kwa masikio yote mawili, akanywa nusu. Aligeuka, akamnyooshea Dod.

Dod alikuwa ameshusha mikono yake. Alikitazama Kikombe, kisha kigoda chenye ngao, upande ule zilipo za babu na baba yake. Nilihesabu tena, bila kukusudia, nikafika saba.

"Shemeji," Eck akasema kwa sauti ya chini, "mikono inaniuma."

"Ungekuwa umepeleka barua nzito zaidi ingezoea," Dod akasema.

Akanyoosha mikono miwili, akashika sikio moja baada ya jingine, Eck akaachia. Dod alikunywa chote, polepole, bila kushusha. Saa tisa na dakika arobaini na nne alikipindua Kikombe juu ya meza, mbele ya watu wote, akakishikilia hapo. Meza ilibaki kavu.